Kisima Nilichowapa Wareno

Kazi yangu ni kutembeza wageni Kibokoni, mtaa wetu wa kale, hasa wale wanaosema Kifaransa. Lugha hiyo niliisomea Ganjoni, kwa mwalimu aliyekuwa na kitabu kimoja tu, na kitabu chenyewe kilieleza kijiji kimoja kidogo cha mashambani huko Ufaransa. Nilikihifadhi kama juzuu ya Amma ya Kurani. Mto unapita upande gani, mizabibu iko kilima kipi, kengele ya kanisa iliyeyushwa katika vita gani. Ufaransa kwenyewe sijakanyaga.

Siku moja nikawapata mume na mke, watu wazima, waliotoka kijiji cha namna hiyo hiyo. Njia nzima nikawasimulia mambo ya kwao mpaka yule mama akapiga makofi. Kichwa kikanivimba.

Tulipofika nyumbani kwetu wakauliza kisima kilicho ubavuni mwa nyumba alikichimba nani. Sikujua. Nimekunywa maji yake tangu utotoni na sikuwahi kuuliza. Nikajibu bila kupepesa macho kwamba ni Wareno. Wageni huwapenda Wareno.

Yule mama, kwa adabu zake, akaniomba nimuulize na bibi yangu, aliyekuwa barazani akichagua mchele. Nikamuuliza. Bibi akaweka ungo chini.

"Babangu ndiye alokichimba. Nduyangu mdogo alikufa na homa, akililia maji. Kisima hichi ni sadaka yake, kila anywaye humuombea. Wambie, mwanangu, nao wamuombee."

Ningeweza kusema nilikosea. Lakini niliogopa kuumbuka mbele ya wageni, nikawageukia na kuwaambia, kwa Kifaransa safi kabisa, kwamba bibi naye anasema ni Wareno. Yule mama akaandika kwenye daftari lake. Bibi alipoona kalamu inakwenda, machozi yakamlengalenga.

"Umewambia?"

"Nimewambia, bibi."

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa aliniuliza kama nadhani wale Wazungu bado wanamuombea nduguye. Nami nilimwambia hawaachi. Naona haya hata kuyaandika haya.

Bibi ametangulia mbele ya haki, akiamini kwamba katika kijiji fulani cha Ufaransa yule mtoto anakumbukwa. Juzi niliinama kisimani nikataka kumuombea mimi mwenyewe. Historia ya ile kengele ya kanisa naijua yote. Jina la mtoto sikuwahi kuliuliza.