Nyumba ya Thelathini na Mbili

Pale shuleni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimu, wanafunzi, hata mlinzi wa getini ambaye hakuwa mwepesi wa kuzoeana na watu, wote walimwita Mama Simu, naye aliitika bila kinyongo. Alikuwa karani wa shule kwa miaka kumi na minane, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika. Ila kazi iliyompa jina hilo haikuwa hata na mwaka.

Aliyeianzisha ni mkuu wa shule. Alichoka kuona watoto wanafundishwa wakafundishika, halafu wanaanguka mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa sababu nyumbani hakuna anayejua hata kama kuna mtihani. Akaziita familia za watahiniwa wote thelathini na wawili akazipa sharti moja. Kila siku ya kazi, kuanzia saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, mtu mzima mmoja akae mezani na mtoto. Si lazima ajue hesabu wala kemia. Ashike kijitabu cha maswali na majibu kilichochapwa na shule, aulize, na mtoto akikwama amwache afikiri, asimrukie na majibu wala makaripio. Wakaiita Saa ya Meza. Saa hiyo hiyo Mama Simu alikaa ofisini na simu ya shule, akipiga nyumba moja baada ya nyingine na kuuliza maswali yale yale matatu: mtoto yupo mezani? Nani amekaa naye? Leo mnasoma nini? Kisha anatia alama kwenye rejesta.

Nyumba alizopigia zilikuwa thelathini na moja. Ya thelathini na mbili ilikuwa yake mwenyewe.

Bintiye wa mwisho, Kitinda, alikuwa anarudia mtihani ule. Mwaka uliopita alikosa kwa alama chache sana, na mtihani wenyewe unaruhusiwa mara mbili tu. Ukianguka ya pili, basi tena. Baba yake alifanya kazi mgodini na kurudi kila baada ya miezi mitatu. Siku Saa ya Meza inaanza, Kitinda aliuliza, "Na mimi atakaa na mimi nani?" Mama Simu alikuwa anatafuta viatu. "Wewe mkubwa, mama. Wewe huna shida," akamjibu, akatoka. Kitinda hakuuliza tena. Na kila jioni, akifika mstari wa mwisho wa rejesta, Mama Simu alitia alama bila kupiga. Nyumba yangu naijua, alijisemea.

Katika nyumba zote, aliyoipenda ilikuwa ya kumi na tisa. Kwingine alisikia masufuria, redio, watoto wanagombana, baba anayesema "yupo, yupo" huku kelele za barabarani zikimuumbua. Kule alipokea bibi wa mtahiniwa wa nyumba ile, bibi ambaye namba yake iliandikwa kwenye fomu mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa na sauti ya taratibu iliyokwaruza kidogo. Na alipokea upesi mno. Mara nyingine Mama Simu alikuwa hajamaliza kubonyeza namba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwanangu. Yupo mezani. Nimekaa naye. Leo tuko kwenye asidi na besi. Mimi sijui hata ni wadudu gani, ila namuuliza tu."

Nyuma ya sauti ile hapakuwa na kitu. Hapakuwa na jogoo wala gari wala upepo. Kalamu tu ilisikika ikikwaruza karatasi, karibu sana na sikio. Mama Simu alisikia baridi mgongoni mara ya kwanza, akalifunga dirisha la ofisi, na baridi haikutoka. Baada ya wiki mbili alizoea. Mtu huzoea mengi akiwa na nyumba kumi na mbili za kupigia bado.

Bibi alimpa na habari za juu juu. Kwamba mtoto akikwama anazungusha unywele wa mbele kwenye kidole. Kwamba chai anaiacha inapoa. Kwamba meza ilikuwa na mguu mfupi, inatikisika, "nimeitilia karatasi chini, imetulia." Mama Simu alicheka, akamwambia angekuwa na wazazi kumi kama yeye shule nzima ingehamia chuo kikuu.

Siku moja bibi alisema, "Leo amelia kidogo."

"Kwa nini tena?"

"Anasema mama yake hamuoni. Anakaa nyumba moja naye, ila hamuoni."

Mama Simu alisonya. "Wazazi wengine jamani! Sijui huwa wanazaa ili iweje." Akaandika pembeni ya rejesta kwa wino mwekundu: mama hashiriki. Akaapa kwamba huyo mwanamke akitia mguu shuleni atapewa vipande vyake.

Kwa upande wake mwenyewe mambo yalikwenda vizuri. Kwenye mtihani wa majaribio Kitinda alipanda kutoka nafasi ya ishirini na saba hadi ya tisa. Mkuu wa shule alimpongeza mama mbele ya walimu wote, na mama akasema hiyo ni damu, wala hakuona haya. Nyumbani hawakuwa na mengi ya kuzungumza. Kitinda alikula, akaosha vyombo, akalala. Usoni alikuwa na utulivu ambao mama yake hakuuelewa, akauita kukua.

Jumamosi moja familia zilikuja shuleni kufundishwa namna ya kuuliza maswali bila kumtia mtoto hofu. Baba wa nyumba ya kumi na tisa alikuwa fundi friji, mtu mrefu mwenye mikono yenye makovu. Mama Simu alimvuta pembeni kabla hajaketi.

"Mwambie mama wa huyo mtoto anatuangusha. Bibi anahangaika peke yake kila siku, na yeye yumo humo humo ndani."

Fundi alitikisa kichwa. "Dada, mama yake alifariki siku ya kumzaa."

"Pole sana. Sikujua. Basi mshukuru bibi kwa niaba ya shule. Tunaongea naye kila jioni."

"Bibi tumemzika mwezi wa pili."

Sasa walikuwa mwezi wa saba. Mama Simu alishika mgongo wa kiti. Fundi aliendelea kwa upole, kama mtu anayeomba radhi, kwamba simu ya marehemu iko kabatini na betri aliitoa kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa anakusudia kuja kubadilisha namba, kazi zikambana. Akadhani shule imeacha kupiga. Binti anasomea karakana, kitabu kakiweka juu ya friji bovu, na yeye anamuuliza maswali huku anachomelea mabomba.

"Hana meza?"

"Meza tutoe wapi? Hata nyumbani tunakula mkekani."

"Na zile nywele... akikwama, si anazungusha nywele kwenye kidole?"

"Mwanangu ananyoa kipara, dada. Yule pale."

Yule pale alikuwa na kipara kweli. Mama Simu aliwajua wasichana wengi wa shule ile, lakini aliyezungusha unywele wa mbele kwenye kidole alimjua mmoja tu.

Hakuaga mtu. Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado kali, na Kitinda alikuwa uani anaanua nguo. Mama Simu alipiga magoti sebuleni akachungulia chini ya meza. Mguu wa nyuma, ule uliowasumbua miaka yote, ulikuwa umetiliwa karatasi iliyokunjwa mara nne. Kiti cha pili, ambacho kwa kawaida kilijaa nguo za kupiga pasi, kilikuwa kitupu na safi.

"Nani kaweka karatasi hii?"

"Bibi," alisema Kitinda mlangoni, nguo begani.

"Bibi gani?"

"Si yule uliyemtuma?" Kitinda alimshangaa. "Alisema anatoka shuleni. Alisema mjukuu wake sasa hivi ana baba yake, na yeye hapendi kukaa bure. Nikajua umemtuma aje akae na mimi kwa sababu wewe huna nafasi."

Mama Simu alitaka kusema hakumtuma mtu. Alimwona binti yake anangoja jibu, akazipokea zile nguo begani mwake. Aliona aibu kuliko woga, na woga wenyewe ulikuwa mkubwa.

Jumatatu alimkabidhi mkuu wa shule rejesta saa tisa na nusu. Alimwambia nyumba moja haikuwahi kukaguliwa hata siku moja, na alama zake zote ni za uongo. Kabla ya kutoka alipiga namba ya kumi na tisa. Haikuita.

"Yupo mezani," ilisema sauti. "Nimekaa naye."

"Bibi, nakuja mwenyewe."

"Njoo, mwanangu."

Alitembea kwa haraka, mkoba kwapani, akiwapita watu wanaomsalimia. Saa kumi kasoro dakika mbili alifungua mlango. Sebule ilikuwa na baridi kama ile ya ofisini. Kitinda alikuwa upande wake wa meza, unywele kidoleni, na kijitabu cha maswali kilikuwa wazi mbele ya kile kiti kingine. Mama Simu aliweka mkoba chini, akakivuta kiti ili akae. Kilikuwa kizito, hakikusogea.

"Hicho kina mtu, mama," alisema Kitinda bila kuinua macho. "Kalete kingine."

Mama Simu alikwenda jikoni akaleta kigoda. Kilikuwa kifupi, kidevu chake kikawa karibu kugusa meza. Alikaa hapo, chini yao wote wawili, akaomba kama na yeye anaweza kuuliza swali moja.