Muhonja na Lango la Prosesa Mbili

Muhonja ni mtoto wa dada yangu Khavere, amelelewa Ziwani, na akili alirithi kwa mjomba wake. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini ni kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa.

Mwaka wa tisini na tisa alikuwa ameajiriwa na bwana mmoja wa kompyuta pale mjini, jina lake Shiundu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza lango, yaani kompyuta inayokaa katikati ya mitandao miwili ikikagua kila kipande cha habari: kizuri kipite, kibaya kirudi kilikotoka. Vipande hivyo wao huita pakiti. Sasa kiwanda kimoja cha Industrial Area kiliweka nyaya mpya zenye mbio, prosesa moja, ule ubongo wa kompyuta, ikalemewa na ukaguzi. Muhonja akaleta kompyuta yenye prosesa mbili, akakaa karibu mwaka mzima akiiandikia programu ili zote mbili zifanye kazi. Shiundu alimwambia wazi kwamba kiwanda kikikataa, programu inatupwa, mashine nyingine inaagizwa ng'ambo, na yeye anarudi kusafisha printa.

Na programu ilikuwa inakataa. Alikuwa amezipanga prosesa zipokezane: pakiti hii yako, inayofuata yangu. Lakini faili moja hukatwa pakiti nyingi. Moja ikichelewa huku, nyingine ikitangulia kule, zinafika zimevurugika, na kompyuta inayozipokea inaanza kuomba zirudiwe. Prosesa mbili zikawa polepole kuliko moja. Msichana akakonda hadi mamake akaanza kunilaumu mimi.

Mimi ni dalali wa mbuzi soko la Kiamaiko, tena si dalali wa kujificha. Nikamwita aje tuchague mbuzi wa harusi ya binamu yake, apumzishe kichwa. Siku hiyo kulikuwa na wakaguzi wawili wa mifugo pale langoni, na desturi yetu ni kwamba kundi la mtu mmoja linapita kwa mkaguzi mmoja. Mwenzetu Burale, kwa ujanja wake, akaligawa lake huku na huku apate kuwahi. Mbuzi wakachanganyika na wa watu wengine, akabaki upande wa pili akiwatafuta kwa alama za masikio. Sisi tulicheka. Muhonja aliuliza tu kama desturi ni hiyo kila siku, kisha akaniacha nimeshika kamba ya mbuzi.

Miaka yote hiyo nimesimama pale na sikuwahi kuona kompyuta. Yeye aliona mara moja. Alibadilisha programu, pakiti zote za mazungumzo yaleyale, kama za faili moja, zikapita prosesa moja, za mazungumzo mengine zikapita ile ya pili. Hakuna kilichovurugika tena.

Siku ya majaribio mashine niliibeba mimi, nikajipa na kiti. Bi Anisa, msimamizi wa kompyuta za kiwanda, alitaka kujua kuhusu ile faili yao kubwa ya stoo. Shiundu alikuwa amemsihi Muhonja asiiguse habari hiyo.

"Hiyo itapita prosesa moja," Muhonja akasema. "Mbio zake hazitaongezeka hata kidogo."

Shiundu akakohoa kama mtu aliyemeza mfupa.

"Sasa ya pili ni ya nini?" Bi Anisa akauliza.

"Ni ya wale wengine wote ambao huwa wanangoja faili yako ipite."

Bi Anisa akaenda kwenye kompyuta yake. Akaituma faili mwenyewe, kisha akazunguka meza hadi meza, akiwauliza makarani kama wamekwama. Hakuna aliyekwama. Mmoja alifikiri anaulizwa kuhusu lifti.

Aliporudi akamwambia Shiundu, "Hii mashine haitoki hapa. Na huyu dada ndiye atakuwa anakuja kuiangalia, si mwingine."

Muhonja akaitikia vizuri, kwa adabu, halafu nikaona anashika ukuta. Nikampisha kwenye kiti changu, na mimi simpishi mtu ovyo.