Gemu la Sharon na Watu Wasioitika

Mimi Modesta ni msusi pale Mkuyuni, na sipendi kelele. Obedi alipofungua banda la gemu ukuta kwa ukuta na saluni yangu, nilinuna mwezi mzima. Kilichonifanya nichungulie ni Sharon, binti wa Kijaluo kutoka Shirati, anayemtengenezea Obedi kompyuta zikiharibika. Eti ametunga gemu lake mwenyewe, la kutisha. Huyu huyu anayekimbia mjusi? Hebu nione!

Unaanza kwa kuandika jina lako. Kisha uko peke yako kwenye mwalo, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, umeme umekatika, una tochi ya simu tu. Kuna dude kwenye matete linakuita kwa jina. Ukiitika kwa mdomo wako, kompyuta inakusikia, mlango wa ghala unafunguka, na utamu wote uko humo ndani.

Sauti, jamani, alizipatia! Maji yanagonga mtumbwi, matete yanasuguana, mtu anahema nyuma ya shingo yako. Nywele zilinisimama. Lakini dude lenyewe, mh! Ukizunguka mtumbwi, linanasa hapo hapo linapiga hatua bila kwenda, kama kuku aliyefungwa kamba. Na chaji ya simu haiishi. Sasa hofu itoke wapi?

Baya zaidi, hakuna aliyeitika. Vijana walikaa kimya, wakasubiri mlango, wakachoka, wakarudi kwenye gemu za mpira. Sharon akawa anafungua kompyuta na kuifunga, akidhani haisikii vizuri.

Obedi akamwambia mbele yangu, "Sharon, Jumamosi ndiyo mwisho. Wakiondoka tena, nalifuta."

Na baba yake Sharon alishasema gemu likishindikana arudi Shirati akaanike dagaa. Binti aliinamisha kichwa, machozi yakimlengalenga. Roho iliniuma, na mimi roho ikiniuma huwa nafoka.

"We Sharon, umelelewa wapi? Sauti usiyoijua inakuita gizani, wewe unaitika?"

"Hapana, mama. Bibi angenichapa."

"Sasa sisi wengine tuitike ili iweje?"

Muda wote aliohangaika na gemu lile, hakuwahi kujiuliza. Akachukua mkoba wake akaondoka bila kuaga.

Jumamosi mchana akanikalisha mimi kwenye kiti mbele ya kompyuta. Watu walijaa nyuma yangu, Obedi kakunja mikono. Nilitaka sana kujua amebadilisha nini. Chaji sasa ilikuwa inaisha kweli, na lile dude halikunasa tena popote. Likaniita.

"Modesta!"

Kimya.

"Modesta!"

Nikabana midomo. Hanipati huyu ng'o! Likanyamaza. Matete yakatulia, nikausogelea mlango wa ghala taratibu, simu ikiwa karibu kuzima. Kisha nikasikia sauti ya mtoto mdogo, yenye adabu zake zote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," nikasema.

Mlango ukafunguka.

Sitasema nilichokiona humo. Nilipiga ukelele mpaka wateja wangu wakatoka saluni na nywele nusu nusu. Nilipogeuka kumtafuta Obedi, alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, ndala moja mguuni, anamsihi Sharon kwa sauti kubwa asije akathubutu kulifuta lile gemu.