Sifuri ya Wiki Ijayo

Jumatatu moja ya msimu wa mvua, saa moja asubuhi na dakika chache, simu ya ofisi yetu ilipokea jumbe mbili kutoka kituo kimoja cha afya. Wa kwanza ulisema kwamba katika wiki iliyokwisha hakukuwa na mgonjwa hata mmoja wa homa ya manjano, wala wa homa nyingine za mbu tunazozifuatilia. Wa pili ulisema vivyo hivyo kuhusu wiki iliyokuwa inaanza siku ile ile.

Nilikuwa mjini Kasongo, katika chumba ambacho dirisha lake linatazama barabara ya soko. Kazi yangu ilikuwa kupokea ripoti za vituo vya kusini mwa jimbo la Maniema na kuziingiza kwenye kompyuta kila Jumatatu kabla ya saa sita. Lisansi yangu, shahada ya afya ya umma, ilikuwa haijatimiza mwaka. Jambo la kwanza walilonifundisha pale ni kwamba sifuri na kimya ni vitu viwili. Kituo kikinyamaza, hatujui lolote. Kikituma sifuri, maana yake kuna mtu ametazama macho ya wagonjwa wake wiki nzima na hakuona manjano. Kwa hiyo tulizipenda sifuri, na tulizidai kama vile walimu wanavyodai madaftari.

Mimi ni mtu wa kuwaza sana. Mtu akinijibu "sawa" kwa ufupi, nashinda mchana mzima nikitafuta nimemkosea wapi. Lakini sikuwahi kuwaza juu ya sifuri za muuguzi wa kituo kile, kilichoko ng'ambo ya Kabambare, upande wa machimbo ya dhahabu. Nilikuwa nimemwona mara moja tu, kwenye semina. Miezi michache kabla ya hapo ripoti zake zilikuwa zinakosekana, kwa sababu kijijini kwake hakuna mtandao, na ili kuupata lazima apande mlima ulio mwendo wa saa nne kwa miguu. Nilimwandikia ujumbe ambao bado naukumbuka neno kwa neno: "Usiache Jumatatu ipite tupu. Kama huwezi kufika kwenye mtandao, tafuta mtu." Tangu siku ile hakukosa hata wiki moja. Alikuwa wa kwanza kila Jumatatu, nami kila Jumatatu nilimjibu: "Asante, kazi nzuri."

Nilimpelekea mkuu wangu zile jumbe mbili. Alizisoma akiwa amesimama, chai mkononi.

"Amekosea kidole," alisema.

"Shefu, namba ya wiki ni sahihi. Tarehe ni sahihi. Ila hizo siku hazijafika."

"Sasa wewe unatafuta ugonjwa mu kidole cha mutu?"

Nilirudi kwenye meza yangu. Hadi saa sita nilikuwa nimepata maelezo saba ya ujumbe ule wa pili. Sita kati yake hayakuwa na ubaya wowote. La saba, kwamba huenda hakuna tena anayetazama macho ya wagonjwa, nililibeba hadi jioni, na Jumanne asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mkuu kabla hajavua koti la mvua. Aliniangalia, akacheka kwa kuchoka.

"Nenda basi, ukapumzishe kichwa. Na ubebe boksi ya sampuli. Ofisi hailipi mafuta ya kutembeza mawazo."

Hadi Kabambare tulitumia siku mbili, maana mvua ilikuwa imekata barabara mara tatu na kila mahali tulishuka kusukuma. Motari wangu, mwendesha pikipiki, alikuwa kijana mnene wa Kasongo ambaye hakunyamaza hata kwenye matope. Nililishika lile boksi kifuani njia nzima.

"Dokta, unakamata hiyo boksi kama mutoto."

"Mimi si dokta."

"Basi ni nani? Mwenye kuogopa barabara hivi ni dokta tu. Anajua namna zote mutu anakufaka."

Kabambare tulijaza barafu kutoka kwenye friji ya chanjo ya hospitali, na Alhamisi alfajiri tuliendelea. Mlima wa mtandao tuliufikia kabla ya saa tatu. Juu yake, chini ya turubai, alikuwa ameketi mama mmoja mwenye kuchaji simu kwa sahani ya jua. Simu za watu zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja imebandikwa kipande cha karatasi chenye jina. Nilimwuliza kama muuguzi wa kijiji cha bondeni huwa anakuja pale kutuma ripoti.

"Ni mimi natumaka," alisema. Alisema kwa fahari kidogo. "Aliniachia simu yake moja na daftari."

Alilitoa daftari chini ya meza, likiwa limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki lisilowane. Lilikuwa daftari la shule. Kila mstari ulikuwa na namba ya wiki, tarehe zake, kisha sifuri, sifuri, sifuri, kwa mwandiko mzuri wa mtu asiye na haraka. Wino ulikuwa mmoja tangu mwanzo. Wiki zilizokwisha kutumwa alikuwa amezitia alama ya kalamu nyekundu. Nilifunua ukurasa, kisha mwingine. Wiki za Noeli zilikuwemo. Za mwaka mpya zilikuwemo. Hakuna aliyeugua katika wiki zile ambazo hata Mungu alikuwa hajazileta.

"Jumatatu ijayo sitakuwa hapa," mama alieleza. "Naenda Salamabila kufuata yuniti za simu za kuuza. Ndiyo maana nilituma mbili pamoja. Nilikosea?"

"Na kama kungekuwa na mgonjwa?"

"Alisema siku mugonjwa akipatikana, atapanda mwenyewe."

"Mara ya mwisho alipanda lini?"

Alifikiri. "Mbele ya mvua kuanza."

Kisha, akiwa anafuta kioo cha simu ya mtu kwa kanga yake, alisema bila kuniangalia: "Ila wachimbaji wanapita hapa na macho kama mafuta ya mawese. Wengine wanabebwa. Nilisema moyoni, dokta wetu wa bondeni anajua."

Motari alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki.

Nyumba ya muuguzi ilikuwa nyuma ya kituo. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta kitandani, na njiani, kwa mawazo, nilikuwa nimekwisha kumkuta katika hali mbaya zaidi ya hiyo. Badala yake alikuwa ameketi nje kwenye kiti, amenyoa ndevu, anakunywa uji. Mkewe alikuwa anaanika mpunga pembeni. Muuguzi aliponitambua alicheka.

"Karibu, wa Kasongo. Mwenye 'kazi nzuri'."

Alisema alishikwa na homa tangu Jumapili, homa ya kuvunja mgongo, kichwa kikauma hata akashindwa kutazama mwanga. Alikuwa amemeza dawa za malaria. "Lakini leo asubuhi nimeamka kama mutu mupya. Mama, mwambie."

"Amekula," mkewe alisema, na uso wake ulikuwa umelegea kwa furaha. "Siku nne hakuweka kitu kinywani."

Nilimtazama machoni. Weupe wake ulikuwa na rangi hafifu sana, kama maji ambamo mtu amechovya jani la chai mara moja. Nilijiambia ni kivuli cha paa. Nikasogea, na kivuli kikabaki pale pale. Chuoni tulifundishwa kwamba homa ya manjano ina tabia ya kumwachilia mtu kwa siku moja au mbili. Homa inashuka, anaomba chakula, nyumba inashukuru. Wengi wanapona kweli kuanzia hapo. Wengine inawarudia, na ikirudi inaanzia kwenye ini.

"Leo ni siku ya ngapi?" nilimwuliza.

Aliacha kunywa. Alikuwa amefanya kazi ile tangu mimi nikiwa shule ya msingi.

"Ya tano," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie: "Najua. Niachie kwanza hii uji."

Alimaliza uji. Ndipo akaniambia habari ya wachimbaji. Kuhusu wa kwanza, muuguzi alidhani ni pombe imemharibu ini. Wa pili na wa tatu walifika pamoja, wakitapika, na walikuwa wamekufa kabla ya siku ya soko. Alisema moyoni kwamba kesho atapanda mlima. Kesho yake mvua ilinyesha. Siku iliyofuata mwanamke alikuja kujifungua. Jumapili homa ilimshika yeye. Watoto wa kijiji kile wote alikuwa amewachanja kwa mkono wake, lakini yeye mwenyewe sindano ile hakuwahi kuipata, kwa kuwa chupa zilikuja kwa hesabu ya watoto.

"Kamata damu," alisema.

Nilikuwa nimefanya hivyo chuoni, mbele ya mwalimu, mara chache. Alijifunga mpira mwenyewe juu ya kiwiko, akavuta kwa meno.

"Mshipa huu hapa. Usiuonee huruma. Ingiza chini kidogo, hivi. Wewe, unapumua?"

"Napumua."

"Basi mimi sikusikii. Pumua kwanza, mgonjwa ni mimi."

Damu iliingia kwenye chupa. Niliiweka kwenye barafu, nikatoa fomu. Jina la mgonjwa, aliandika lake. Jina la aliyetoa taarifa, aliandika lake tena, akatia sahihi.

Nilimwomba twende naye hospitali ya Kabambare. Alikataa, kituo kitabaki na nani. Nilizungumza sana, nikaeleza ini, figo, kutokwa na damu, mambo aliyoyajua kuliko mimi, hadi mkewe akaacha mpunga na kusogea. Aliingia ndani, akatoka na koti la mumewe, akamvalisha kama mtu anayemvalisha mtoto wa kwenda shule. Ndipo akakubali.

Tulipanda watatu kwenye pikipiki, muuguzi katikati, mimi nyuma nikimzuia asianguke, boksi likiwa limefungwa mbele kwenye tangi. Mlimani aliomba tusimame. Alichukua daftari, akalisoma kidogo kama kitu cha mtu mwingine, akampa mama wa simu.

"Usitume tena."

Aliandika ujumbe mwenyewe kwa kidole kizito: wachimbaji watatu, muuguzi mmoja. Mkuu wangu alipiga mara moja, nikajibu mimi. Aliuliza kama tuna uhakika, kwa maana wiki ya wachimbaji wale tayari ilikuwa na sifuri kwenye mfumo, na nyuma yake sifuri nyingine nyingi, na zote zilikwisha kupelekwa juu. Nilisema tuna uhakika. Akasema atapiga simu Kindu, kwa wakubwa wa jimbo.

Chini ya mlima, kwenye kijito, muuguzi aligonga bega la motari. Tulimshusha. Alitapika kitu cheusi kama unga wa kahawa uliolowa. Alikiangalia kwa makini, jinsi anavyoangalia muuguzi, kisha akakifunika kwa mchanga kwa mguu wake. Motari alikuwa ametazama upande mwingine. Kutoka pale mzigo wa mwili wake uliegemea kifuani mwangu zaidi kila kilomita.

Hospitalini walimpa maji na kitanda na kila walichokuwa nacho. Kwa homa ile hakuna zaidi ya hapo. Macho yake yalikuwa manjano kabisa Ijumaa. Alifariki Jumapili asubuhi. Chupa ya damu yake ilikuwa bado kwenye friji ya chanjo, ikingoja njia ya kwenda Kindu na kutoka Kindu kwenda Kinshasa.

Mkewe alifika saa sita mchana, amebebwa kwenye baiskeli na shemeji yake. Walikuwa wamekwisha kukutana na habari njiani. Baada ya kumwona mumewe, alitoka akaketi kwenye ngazi ya veranda nilipokuwa nimeketi mimi. Vumbi la njia lilikuwa limekauka shingoni mwake.

"Alikuwa anatusomea majibu yenu," alisema. "Akienda mlimani, mbele ya mvua kuanza, alikuwa anayaandika yote mu karatasi, anatusomea mezani. Asante, kazi nzuri. Asante, kazi nzuri. Wachimbaji walikuwa wanazikwa nyuma ya nyumba yetu, na ninyi mulikuwa munaleta asante. Asante ya nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Mtandao, mvua, umbali, mfumo. Mkuu wangu alikuwa amekwisha kuniambia kwa simu kwamba katika ripoti ya kuchelewa kwa tahadhari tutaandika ukosefu wa mtandao, na haukuwa uongo.

"Ni mimi nilikuwa naandika," nilisema. "Na ni mimi nilimwambia atafute mutu wa kutuma."

Aligeuka akaniangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Nilingoja anitukane. Nadhani nilitaka anitukane.

"Uko na karatasi?" aliuliza.

Nilitoa daftari langu.

"Yeye alipolala, watu walikuja kwangu. Walifikiri mke wa dokta naye anajua. Nilikuwa nawatazama macho tu, kama alivyokuwa anafanya." Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Andika. Nyumba ya kwanza, ukitoka kituoni, mkono wa kuume. Bibi na mjukuu wake."

Niliandika.

"Nyumba ya pili hawana. Ya tatu, kijana anayeuza petroli. Yeye alianza Jumatano. Ya nne, wote."

"Wote wangapi?"

"Wote. Andika, nitakuambia majina."

Aliendelea nyumba kwa nyumba, macho yameelekea uani, bila kuharakisha, akirudi nyuma mara moja kusahihisha umri wa mtoto. Ukurasa ulijaa, nikageuza. Kwa hesabu yake, alikuwa bado hajavuka mto unaokikata kijiji.