Mwisho Ubaki Nao

Kuna alasiri moja haijanitoka kichwani, mwanangu: alasiri ya bibi yangu na sinia lake la dagaa. Nitafika huko. Usiniharakishe, wazee hatuharakishwi.

Najua unaitazama hii sketi ya shule, unajiuliza nani kanipa uzee. Ni kweli, niko kidato cha tatu, na mwalimu wa zamu bado ananipigisha magoti nikichelewa. Lakini nimemsubiri mama arudi kutoka India, na kusubiri kule kunazeesha. Kwa hiyo kaa. Ukitaka kuniamkia niamkie, nitaitikia marahaba bila aibu.

Nyumbani kwetu Mtoni tulikuwa watatu: bibi, mama na mie. Mama ndiye alikuwaga mchekaji wa nyumba. Mie kazi yangu ilikuwa kuokota vituko shuleni na mtaani, namletea jioni, naye anacheka mpaka anaegemea ukuta. Halafu figo zake zikagoma, zote mbili. Akawa mtu wa kwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine, anarudi amejikunja kwenye kochi, miguu imevimba. Nikianza kituko ananiambia, "Nitacheka kesho, Sofi. Leo sina nguvu."

Madaktari wa hapa wakasema dawa ni kupandikizwa figo, ila mishipa yake ina mambo yake, na waliozoea mishipa ya namna hiyo wako India. Mama mdogo Zuhura, mdogo wake wa kule Kimara, akasema figo atatoa yeye. Wakaondoka wawili. Mie na bibi tukabaki na kochi.

Mgonjwa wa kigeni, mwanangu, hafiki tu akalazwa kitandani. Hospitali ile ilitaka mtoa figo awe ndugu wa damu, na kuna jopo la watu wanakaa kuwahoji, wahakikishe huyo ndugu ni ndugu kweli na hakuna aliyemnunua. Mama mdogo alitusimulia kwenye simu. Walimwingiza peke yake, wakamuuliza kupitia mkalimani, "Huyu dada yako ana tabia gani?" Akajibu, "Ananisema tangu nazaliwa." Mkalimani akacheka kabla hajatafsiri. Mama naye kaulizwa chumba kingine kuhusu mdogo wake, akasema, "Hasikii." Jopo likaona hapo hakuna cha kuuliza tena, hawa wamezaliwa tumbo moja.

Walikaa chumba cha kupanga karibu na hospitali, jengo limejaa wagonjwa wa kigeni kama wao, Wasudani, Wakenya, kila mmoja na ndugu yake. Mama alikuwa hasemi sana kuhusu ugonjwa. Alikuwa anauliza mambo madogo madogo. Muuza kahawa bado anapita? Pazia la sebuleni mmelifua? Siku moja akaniambia niweke simu dirishani tu, nisiseme kitu, asikilize mtaa. Nikaiweka. Akasikiliza muziki wa singeli wa kwa jirani, makelele ya watoto, mtu anagombana na mtu. Nilipoichukua simu nikadhani kakata. Hajakata. Alikuwa anavuta makamasi.

Upasuaji ukapita salama. Nikaona sasa nimerudi kazini, nikamtumia sauti yenye kituko kizima. Dakika chache tu, mama mdogo huyo hewani:

"We Sofi, una wazimu? Mama yako kacheka, kashika mshono, kalia! Nesi kaja mbio kadhani figo imechomoka!"

"Si alikuwa anacheka lakini?"

"Alikuwa anacheka na kulia. Acha hizo!"

Nikaacha. Siku mbili nikawa natuma salamu za kistaarabu kama barua ya mwaliko. Ya tatu mama akanipigia mwenyewe, sauti nyembamba. "Mwanangu, salamu zako zinaniua kuliko mshono. Nitumie vituko. Ila usimalize. Mwisho ubaki nao mpaka nirudi."

Ndivyo tukaishi. Mfano, kile cha kwanza: jogoo wa Mama Chiku kapotea. Mama Chiku, jirani yetu, kazunguka mtaa mzima anaapiza. Kafika kwetu, kamkuta bibi anakula, kachungulia sahani... Hapo nikakata. Mama akajibu, "Shetani wewe." Vikawa vingi. Kichwa changu kikajaa miisho kama kabati la vyombo vya harusi. Nikiwa darasani mwisho mmoja unanichekesha ghafla, halafu nakumbuka mwenye nao yuko wapi, naomba ruhusa ya kwenda chooni.

Sasa ndiyo tumefika kwenye alasiri yenyewe.

Walikuwa wamebakiza kidogo tu warudi. Tukaambiwa mwili wa mama umeanza kuikataa figo. Karudishwa wodini, kaongezewa dawa kali, hashiki simu. Mama mdogo akawa anajibu kwa neno moja moja, na wewe unajua mtu muongeaji akianza neno moja moja. Nikarudi kutoka shule siku ile, nikakaa uani, nikawaza: akifa je, hajui jogoo aliishia wapi? Nikashika simu nikaanza kurekodi miisho yote, mmoja baada ya mwingine. Naongea haraka haraka, pua inanitoka.

Bibi alikuwa pembeni anachambua dagaa. Mikono ikasimama.

"We Sofi."

"Abee."

"Unaongea na nani?"

"Na mama. Namtumia miisho yake."

"Mmoja?"

"Yote."

Akalisogeza sinia pembeni. "Babu yako kuna asubuhi alinikabidhi funguo. Ya mlango, ya sanduku, mpaka ya baiskeli iliyokuwa imeshaibiwa. Sikumuuliza kitu. Nilijua ananiaga." Akanitazama. "Wewe unamuaga mama yako? Nani kakutuma?"

Nikataka kumjibu kitu cha kuchekesha. Mwanangu, mie nimewahi kumjibu mkuu wa shule mbele ya gwaride zima, lakini pale kilichonitoka ni hiki tu:

"Sasa nifanyeje, bibi? Namtaka mama yangu."

"Na mie namtaka mwanangu," akasema. "Futa. Mwanzishie kingine."

Nikafuta. Nikafuta uso pia. Nikatuma: "Mama, leo mwalimu wa zamu kaingia jikoni kwa mpishi, na sie tumejificha humo. Hajatuona sie, kaiona sufuria. Kachungulia huku na huku, kafunua mfuniko..."

Hakujibu siku hiyo. Wala iliyofuata. Bibi akawa anaswali mswala hauviringishwi. Kisha simu ikalia mfukoni, na sauti ya mama, ya mtu anayepanda ngazi:

"Ndani kulikuwa na nini?"

"Utajua ukirudi!"

"Mjinga wewe," akasema. "Basi narudi."

Figo ikakubali kukaa. Mama akarudi amekonda, barakoa usoni, macho ni yale yale. Na hapa usitegemee tulirukiana kama kwenye tamthilia. Dawa zinazouzuia mwili usiikatae figo zinaishusha na kinga yake, kwa hiyo hakuna kukumbatiana, hakuna wageni. Bibi aliweka benchi mlangoni akakaa kama askari. Mama Chiku alipokuja na vigelegele akapigia barabarani. Mie nikasimama kizingitini mwa chumba, mama kitandani, katikati yetu sakafu inanuka dawa. Miezi yote ile nilikuwa namtamani kwa mbali, sasa namtamani kwa hatua nne.

"Haya," akasema. "Jogoo."

"Mama Chiku kachungulia sahani. Bibi kamwambia, 'Karibu, ni maharage.' Kakaa. Kala maharage yote, kashiba, kasahau kilichomleta. Jogoo ndiye aliyekuja kumtafuta yeye."

Mama akashika ubavu, akacheka mpaka barakoa ikamshuka. Nikafungua mdomo nimpe wa sufuria.

Akainua mkono. "Ishia hapo. Nina kliniki kulekule India, nitarudi kupimwa. Huo wa sufuria nibakizie wa safari."

Basi sikia, mwanangu, wewe ambaye wako kapanda ndege na wewe umebaki na pazia na kochi. Mtu aliye mbali na anaumwa usimkabidhi kila kitu. Usimwambie yote kwa hofu kwamba hatarudi. Mbakizie kitu anachokitaka, hata kiwe cha kijinga, kimsumbue kitandani kule, aulize, "Halafu ikawaje?" Na wewe unayebaki lia ukitaka, mie nililia, lakini ukimaliza kulia anzisha kingine.

Mungu amrudishe wako akiwa mzima. Akurudie na njaa ya kusikia, akukute una ya kumwambia, na akishayasikia bado abaki akidai mengine.