Baba wa Mwenze Asimame

Baba yangu, Alexis Kasonde, aliishia darasa la sita, lakini kila kijana wa Élisabethville aliyemaliza sekondari miaka ile alipita kwanza kwenye baraza yetu. Nasema kila kijana, na ninajua ninatia chumvi. Walikuwa saba au wanane kwa mwaka, wenye suruali zilizopigwa pasi na viatu vya kuazima, na walikuja Jumamosi mchana wakiwa wameshika bahasha zao kwa mikono miwili. Nyumba yetu ilikuwa Cité Albert, ile ambayo leo tunaiita Kamalondo, na mama mmoja jirani aliuza maandazi mlangoni pake kwa sababu ya vijana hao tu.

Baba alikuwa karani wa ofisi ya mizigo ya reli kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu alinunua mashine ya kuandikia kwa Mgiriki mmoja aliyekuwa anafunga duka. Mashine yenyewe ilitoka Rhodesia, kwa Waingereza, kwa hiyo Kifaransa haikukijua: haikuwa na hata moja ya zile alama zinazokaa juu ya herufi e. Baba alipiga ukurasa mzima bila alama, akautoa, akauweka gotini, kisha akazitia zote kwa kalamu ya wino, moja moja, ulimi ukiwa umechomoza pembeni mwa mdomo. Barua bila alama zake, alisema, ni mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga vifungo. Kwa kosa la mkato mmoja alirudia barua nzima. Mimi, Brigitte, binti yake pekee, mwalimu wa darasa la kwanza kwa masista, nilimwambia mara nyingi kwamba angekuwa mwanafunzi wangu ningemfukuza kwa kuchelewa.

Kazi yake na vijana haikuwa kupiga mashine tu. Aliwauliza wanataka kuwa nani, na jibu aliliomba kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kifaransa, alisema, kila mtu anataka "kuitumikia nchi". Aliwaonyesha jinsi ya kupanga karatasi zao, ipi juu, ipi chini. Aliwakumbusha kumwomba padre cheti cha ubatizo mapema. Aliwauliza hata watavaa nini siku ya kutangaza matokeo, ile tuliyoiita proklamasyo, na kama viatu vya kuazima vinawatosha, maana aliwahi kumwona mmoja akipanda jukwaani kwa kuchechemea na hakuisahau aibu ile. Kisha barua yenyewe, ambayo daima ilianza hivi: "J'ai l'honneur de solliciter de votre haute bienveillance." Yaani, nina heshima ya kuomba kwa wema wako mkuu. Maneno hayo aliyatoa kwenye barua za reli za mabehewa yaliyopotea, na aliyapenda mno. Nilimtania kwamba siku moja ataniomba chumvi kwa haute bienveillance yangu.

Mwaka 1957 chuo kikuu cha mjini kwetu kilikuwa bado kinanuka rangi. Kabla yake, kijana aliyemaliza sekondari alikuwa na njia mbili, seminari au meza ya karani. Sasa kulikuwa na ya tatu, tena unaifikia kwa baiskeli. Mwenze aliitaka hiyo ya tatu.

Mwenze alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mpole, mtoto wa Baluba wa kaskazini waliokuja kujenga reli. Aliishi Katuba, upande wa pili wa mji, na sisi hatukumjua hata mtu mmoja wa kwao. Alitaka kusoma hesabu. Baba alipomuuliza kwa nini, alijibu kwamba hesabu ndiyo kitu pekee ambacho mzungu na mweusi wanapata jibu moja. Baba alicheka mpaka akakohoa, akamwambia hilo tusiliandike.

Ikafika fomu. Mwenze akiwa bado chini ya miaka ishirini na mmoja, baba yake alipaswa kutajwa na kutia sahihi ya kukubali. Nilikuwepo, ninachambua mchele, na niliyasikia yote kwa masikio yangu, kwa Kiswahili chetu cha mjini.

"Baba yako jina nani?" Baba aliuliza, vidole tayari juu ya mashine.

"Ngoie."

"Kazi?"

"Anashonaka manguo."

"Iko muzima?"

"Muzima kabisa, papa. Hata leo asubui alinigombeza."

"Na mama?"

"Ule alikufaka."

Baba akapiga: baba, Ngoie, fundi wa nguo, yu hai. Mwenze akaenda na fomu, akarudi nayo ina sahihi, ikapelekwa. Cheti cha ubatizo misheni ya kaskazini ilikituma yenyewe moja kwa moja chuoni, kwa hiyo sisi hatukukiona.

Ijumaa moja jioni, baridi ya mwezi wa tano imeshaanza kutuuma masikio, Mwenze akaingia uani anahema. Barua ya chuo ilisema hivi: fomu inasema baba ni Ngoie, cheti kinasema baba ni Ilunga. Baba wa mwombaji afike mwenyewe kabla ya Jumamosi saa sita mchana, la sivyo maombi yatawekwa kando. Jumamosi ilikuwa kesho yake.

Baba alisoma mara mbili. "Mwenze, uko na baba babili?"

"Ilunga njo alinizaa. Alikufaka niko na myaka tatu. Ngoie njo baba."

"Ngoie iko ndugu ya Ilunga?"

"Ee. Dada yake."

Baba alivua miwani polepole. Mimi nilishika kamba ya nguo nisianguke kwa kicheko. Jina Ngoie kwa Baluba ni la mwanamume na la mwanamke pia, na dada wa baba kwao ni baba: wanamwita baba mwanamke, na wanamaanisha. Kwetu sisi, watu wa hapa hapa kando ya migodi, mtoto ni wa upande wa mama na mjomba ndiye mwenye sauti. Baba yangu alikuwa amekaa na Baluba ofisi moja miaka ishirini na minane, na hakuwahi kuuliza.

"Baba," nilimwambia, "mkato mmoja unakutoa jasho, na mwanamke umemfanya mwanamume!"

Hakucheka. Alivaa tena miwani akaisoma barua mara ya tatu, na kicheko changu kikaisha. Kosa lilikuwa lake, na nafasi ilikuwa ya Mwenze.

Asubuhi, kabla hata uji haujapoa, akaja Marie-Thérèse Ngoie mwenyewe. Alikuwa mama mfupi, mnene, amevaa kitambaa chake kizuri na kilemba kilichosimama wima, na kwapani alibeba furushi lililofungwa kwa shuka. Baba alimpa kiti akaeleza mpango wake. Tutaandika upya. Baba ni Ilunga, marehemu. Kisha, chini, Ngoie, mlezi.

"Mulezi?" Mama Ngoie aliweka kikombe chini. "Balezi njo bale banasukumaka batoto ya bazungu mu bigari kule mu mji. Banapata mushahara, na mangaribi banarudia kwabo. Miye nilirudiaka wapi?"

"Mama, ni neno ya sheria tu."

"Mukifuta jina yangu pale, munaandika huyu mutoto haina na baba. Iko naye. Iko hapa, anakunywa uji yenu."

Mwenze alitazama vidole vyake vya miguu. Baba alijaribu njia nyingine, na nyingine tena, na kila mara yule mama alitikisa kilemba. Nilimpenda papo hapo. Mwishowe baba akavaa koti lake la reli, akasema twende, tutajua mbele ya safari. Mimi nilikuwa nimewaomba masista ruhusa tangu jana, maana kitu kama hicho nisingekikosa kwa lolote.

Ofisini tulikaa kwenye benchi refu. Saa ya ukutani ilipokaribia tano na nusu, karani akatoka akaita baba wa Mwenze. Mama Ngoie akasimama. Karani akamtazama, akaita tena, kwa sauti zaidi. Mama Ngoie akamwambia hajawa kiziwi, akampita akaingia.

Ndani alikaa Mbelgiji mmoja mwenye ndevu nyekundu na sura ya mtu aliyekosa usingizi. Akasema kwa Kifaransa kwamba alimwita baba, si mama. Baba yangu alisimama wima, akashika kofia kifuani, akaanza: "J'ai l'honneur de..." Akakwama. Akaanza tena: "J'ai l'honneur de solliciter..." Akakwama palepale. Miaka ishirini na minane ya mabehewa yaliyopotea haikuwa na barua hata moja ya jambo hili.

Mama Ngoie, ambaye Kifaransa hakukijua, alimwangalia kwa huruma kidogo. Kisha akafungua furushi lake juu ya meza ya mzungu.

Zilikuwa ripoti za shule za Mwenze, zote, tangu darasa la kwanza. Kila moja chini ilikuwa na mstari mmoja wenye maneno yale yale, sahihi ya baba. Kwenye ile ya kwanza palikuwa na alama ya dole gumba. Ya pili dole gumba, ya tatu pia. Kwenye ya nne palikuwa na vistari vitatu vya kalamu, kama mshono wa mkono. Mwenze aliporudi kutoka shuleni jioni alikuwa anamfundisha Mama Ngoie herufi, na zilionekana zikija mwaka kwa mwaka: N peke yake, kisha Ngo, e iliyogeuka nyuma, kisha jina zima likipanda mlima. Ripoti ya mwisho ilisema Ngoie, wazi, sawasawa. Na hakuna mwalimu wala padre hata mmoja, miaka yote hiyo, aliyezirudisha.

Mzungu alizigeuza moja moja. Alirudi kwenye ile ya dole gumba, akazipitia upya. Mimi nililia, siwafichi, nikajifuta kwa pembe ya kitambaa cha Mama Ngoie mwenyewe.

Hapo baba akaacha haute bienveillance. Alisema Kifaransa kifupi, cha kawaida, kama anavyozungumza na sisi. Alisema: bwana, kwao dada wa baba ni baba. Mimi sikujua. Nilimuuliza kijana baba yake nani, akanijibu ukweli, nami sikuuliza zaidi. Kosa ni langu, yeye hana kosa.

Yule mzungu alijikuna ndevu. Akauliza, sasa niandike nini? Fomu ina mstari mmoja.

"Tuongeze wa pili," baba akasema.

Saa ya ukutani haikutusaidia. Kisha mzungu akasukuma kiti chake nyuma, akamwonyesha baba mashine yake mwenyewe, mpya, nyeusi, inang'aa. Baba akakaa. Akapiga: Père, yaani baba, Ilunga, marehemu. Akashuka mstari. Père, Ngoie Marie-Thérèse, dada wa baba, yu hai. Mashine ile ilikijua Kifaransa. Ile alama ilijiandika juu ya e yenyewe, kila ilipohitajika, na baba akainua vidole akatazama kana kwamba mtu amemfungulia mlango. Zilibaki dakika kumi na moja kufika saa sita. Mzungu akagonga muhuri, akasema sasa kilichobaki ni kijana kufaulu.

Njiani Mama Ngoie aliuliza kama kweli ameandikwa baba. Baba akamwambia ameandikwa baba, tena na alama yake. "Alama gani?" akauliza. Baba akasimama katikati ya barabara, akaokota kijiti, akamchorea kwenye vumbi: e, na kikofia chake kidogo kilicholala juu. Mama Ngoie aliinama akaitazama muda mrefu, baiskeli zikitupigia kengele.

Mwenze alifaulu. Siku ya proklamasyo ukumbi wa shule ulijaa, na kwa kuwa wahitimu walikuwa tisa tu, padre mkuu aliamua kila mmoja apokee cheti akiwa na baba yake, na baba atie sahihi kwenye daftari kubwa. Mwenze alivaa suti aliyoshonewa nyumbani na viatu vyake mwenyewe. Hilo baba alilihakikisha wiki mbili kabla.

"Baba wa Mwenze asimame!"

Mama Ngoie akasimama. Watu wengine wakacheka, kisha Baluba waliokuwa nyuma wakapiga vigelegele vya kupasua paa, na waliocheka wakajiunga nao. Alipanda jukwaani bila haraka. Akashika kalamu. Akaandika jina lake herufi moja moja, N, g, o, i, e, na ukumbi mzima ukamngoja. Akainua kalamu, sote tukadhani amemaliza. Akairudisha chini, na juu ya e ya mwisho, mahali ambapo haikuhitajika kabisa, akaweka ile alama, imelala vizuri, kikofia.

Nilimgeukia baba yangu. Mtu huyu alirudia barua nzima kwa mkato mmoja, na kutoka pale mstari wa mbele alikuwa ameliona kosa sawasawa.

"Njo vile banaandikaka," akasema, akavua miwani akaifuta.