Mistari Kumi na Moja

Mansuetus aliwadharau watu kwa mpangilio, kama alivyopanga spana ukutani. Chini kabisa walikaa wanunuzi binafsi wa kahawa, waliomiminika Mbinga na mizani yao baada ya soko huria kuruhusiwa. Juu yao makarani. Juu ya makarani, maofisa waliohamishiwa wilayani kutoka mikoa mingine, wanaovaa koti kwa sababu ya baridi na kusingizia cheo. Na kwenye msumari wake wa peke yake alining'inia Urbani.

Urbani alikuwa kijana wa Mbamba Bay aliyeletwa kujifunza ufundi katika karakana ya ushirika, ambako Mansuetus alikuwa fundi mkuu. Siku moja ya mwaka 1985 alizungusha mpini wa mashine ya milingi, ile inayochonga chuma kwa kisu kinachozunguka, kisha akasema kwa adabu kwamba skrubu inayosogeza meza ya mashine inacheza.

"Mashine hailegei," Mansuetus alimjibu mbele ya karakana nzima. "Mkono ndio unaolegea. Rudi ziwani ukavue usipa."

Watu walicheka wiki nzima. Mwisho wa mwezi Urbani aliondoka, lakini yale maneno yalibaki. Kila mwanafunzi aliyekuja baadaye aliambiwa hayo hayo siku ya kwanza, kabla hata hajaonyeshwa choo.

Ushirika ulipokufa, wafanyakazi walipewa vitu badala ya mafao. Wenzake walichukua mabati na baiskeli. Yeye alichukua mashine. Iliburutwa kwa trela la trekta hadi kwenye banda la mbuzi nyuma ya nyumba yake, kando ya njia iendayo Litembo, na mkewe Walburga alipouliza mbuzi watalala wapi, aliambiwa mbuzi wana miguu, watajitafutia. Kwa miaka tisa alichonga humo giya za mashine za kumenyea kahawa, zile nzito za zamani, na wakulima walishuka milimani kumfuata. Aliwapokea kama paroko anavyowapokea waliochelewa misa.

Kisha mkono wa kulia ukaanza kutetemeka.

Hakumwambia mtu. Aliutia mfukoni. Togwa alikunywa nusu bilauri, isimwagike. Kanisani aliendelea kupokea komunyo mdomoni, akiwasema wanaopokea mkononi kuwa hawana heshima. Lakini chuma hakidanganyiki. Giya mbili zilirudishwa kutoka Kigonsera zikiwa na meno yaliyochongoka vibaya, na usiku wake hakula.

Ndipo lilipomjia wazo la kuiendesha mashine kwa kompyuta. Bruda Kilian, aliyewahi kusimamia karakana ya misheni kabla ya kurudi kwao Ulaya, alimtumia kasha lenye mota tatu, kisanduku cha kuziongoza na disketi moja. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, imetupwa na ofisi fulani ya mjini. Mansuetus alizifunga mota mahali pa mipini, na mipini akaifunga kwenye gunia na kuisukuma chini ya kitanda. Majirani walisema mzee amepatwa na wazimu wa kisasa. Aliwaacha waseme. Afadhali wazimu kuliko ukweli: kwamba sasa hapakuwa na kitu cha kuzungusha, na hakuna ambaye angemwomba azungushe.

Maagizo ya kompyuta aliyaandika Jacqueline, binti wa dada yake, mwalimu wa hesabu, aliyekuja kila Jumamosi. Mansuetus alimdharau naye, kwa kiasi; alikuwa mtu anayefanya kazi ameketi.

Kikundi cha wakulima wa Kitura kilikuwa na mashine kumi na mbili za kumenyea, zote zimekwisha meno. Mwenyekiti wao, Gaudence, alisema wazi: kahawa ikianza kuwa nyekundu na giya hazijafika, watanunua mashine mpya za Kichina, nyepesi, za bati. Zilikuwa zikiuzwa sokoni, dukani kwa Urbani. Mansuetus alisikia jina hilo akatema mate pembeni.

Duara la kwanza la majaribio lilitoka na makovu manne, moja kila upande, kama chapati iliyofinywa na watoto. La pili vilevile. Mansuetus alilaumu umeme wa jenereta, akalaumu disketi, akalaumu vyuo vinavyofundisha wasichana hesabu. Jacqueline alirudia mahesabu yote mbele yake, mstari kwa mstari, hayakuwa na kosa. Jumamosi ya tatu duara lilitoka na makovu yale yale.

"Mjomba," alisema, "kompyuta inaamini kila inachoambiwa. Kuna kitu hatujaiambia. Rudisha mpini, nione wewe ulikuwa unafanyaje."

Mansuetus alisema mipini imepotea. Walburga, aliyekuwa akipita na jembe kutoka kwenye ngolo zake, yale mashimo ya kulimia ya mlimani, udongo mwekundu hadi magotini, alisema iko chini ya kitanda, na akapita zake.

Mansuetus alisimama mlangoni. Ng'ambo ya bonde mikahawa ilikuwa bado kijani, lakini kwenye matawi ya chini, hata kwa macho yake, palikuwa na wekundu. Akaenda kuleta gunia.

Alifungua mota moja, na alipoushika mpini kuurudisha mahali pake, chuma kiligonga chuma kama meno ya mtu mwenye homa. Jacqueline aliona. Hakugeuza uso wala hakusema pole, na kwa hilo Mansuetus alimshukuru kimoyomoyo. Akazungusha. Meza ilikwenda hadi kwenye alama, ikaipita. Akairudisha nyuma kabisa, akaikaribia alama upya kwa upande ule ule wa mwanzo.

"Kwa nini unaipita, kisha unairudia?"

"Ndivyo inavyofanywa."

"Irudishe polepole, nihesabu."

Aliirudisha. Pete ya alama kwenye mpini ilisogea mstari mmoja, miwili, mitano. Meza ilikuwa tuli, imelala kama ng'ombe aliyeshiba. Saba. Tisa. Kwenye mstari wa kumi na moja ndipo iliposhtuka ikaanza kwenda. Robo ya karne mkono wake ulikuwa ukiumeza ulegevu ule bila kumwambia, naye akawafukuza watu waliousema.

"Inacheza, Mjomba."

Kuku walipekua nje. Alikuwa na neno lake tayari, lile la miaka yote, likafika hadi kwenye ulimi.

"Inacheza," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Na mkono pia umelegea."

Jacqueline aliandika: kumi na moja. Walipima na mpini wa upande wa pili, saba. Akaingiza kwenye maagizo kwamba kila mota inapogeuza mwendo, kwanza imeze mistari hiyo ndipo ichonge. Jioni ile duara lilitoka bila kovu, likaviringika juu ya benchi, likaanguka, likaendelea kuviringika hadi kwa mbuzi.

"Mkono wangu ulifanya hivyo bila disketi," Mansuetus alisema.

Giya kumi na mbili zilikwenda Kitura kabla ya mavuno. Ya kumi na tatu aliibeba mwenyewe hadi sokoni. Urbani, mtu mzima sasa mwenye kitambi, aliinuka nyuma ya mashine zake za bati.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ile skrubu inacheza. Ulisema kweli."

"Miaka kumi na minane, mzee."

"Ulisema kweli, lakini hukujua kwa kiasi gani. Ni mistari kumi na moja. Ungepima, nisingekufukuza."

Aliitoa giya mfukoni pamoja na mkono, akaiweka juu ya meza, na kabla hajaiachia ilipiga mbao tap-tap-tap, wote wawili wakisikia. Urbani aliitazama giya, akautazama mkono. Akafunika vyote viwili kwa kiganja chake hadi mlio ukakoma.

Mansuetus akafikiri kwamba mtoto huyu wa usipa, pamoja na bati lake, huenda angefaa kushushwa kutoka kwenye ule msumari. Si leo.